Mgomba Ndani ya Vioo

Mgomba ulisimama kwenye kona ya nyumba ya vioo, jani lake la juu likikaribia dari. Nje ilikuwa mwezi wa tatu na baridi ya Derbyshire, ile inayoingia hadi kwenye meno. Ndani kulikuwa na joto la Mombasa. Miwani yangu ilishika ukungu mara tu nilipofungua mlango. Niliivua, nikaipangusa kwa ncha ya skafu, nikaivaa tena, na kitu cha kwanza macho yangu yalichosoma kilikuwa jina kwenye kibao: Cavendish.

Nimekulia kwenye migomba. Kwa nyanya, Murang'a, ilizunguka choo, ikashuka na mtaro wa maji hadi mtoni, na sisi watoto tulijificha humo tulipoitwa kwenda kuteka maji. Kwa hiyo nilipouona mgomba Uingereza, umefungiwa ndani kama mgonjwa, kwanza nilisikia huruma. Niligusa gome lake. Lilikuwa na ule ubaridi wenye maji ninaoujua.

Mzee mmoja wa kujitolea alikuwa karibu. Akaniambia kwa upole kwamba ndizi karibu zote zinazosafirishwa kuuzwa nje, duniani kote, ni za aina hii, na kwamba Cavendish ni jina la familia yenye nyumba hii ya Chatsworth.

"Wale wa Devonshire," akasema, kama mtu anayetaja majirani.

Devonshire.

Nilisimama pale kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni, akageuka, asimwone aliyemwita. Nilikuwa nimekuja kupumzika tu baada ya zamu tatu za usiku. Basi la kutoka Sheffield hufika hadi getini, na wenzangu kazini walikuwa wamenisihi nikaone bustani. Nilirudi jioni sikumbuki bustani. Wiki sita zimepita na jina lile halijanitoka kichwani.

Swali la mtihani

Kila aliyesoma historia ya kidato cha tatu Kenya anaujua Waraka wa Devonshire wa 1923. Tuliukariri kwa ajili ya mtihani. Nyanda za juu zibaki za Wazungu. Wahindi wapate viti 5 katika Baraza la Kutunga Sheria, walowezi wabaki na vyao 11. Waarabu wapate kiti kimoja. Waafrika wawakilishwe na mmisionari wa Kizungu atakayeteuliwa. Na juu ya yote hayo, lile tamko ambalo mwalimu wetu alilipigia mstari mara mbili ubaoni: Kenya ni nchi ya Waafrika, na maslahi yao yakigongana na ya wageni, yao ndiyo yatangulie.

Nilipata alama zote katika swali hilo. Katika miaka yote iliyofuata sikuwahi kujiuliza Devonshire ni nani. Nilidhani ni mahali, kama Lancaster House, jumba la London la mikutano ya uhuru wetu, ilivyo mahali.

Kumbe ni mtu. Victor Cavendish, Duke wa 9 wa Devonshire (Cavendish ni jina la ukoo, Devonshire la cheo cha ukabaila), aliyekuwa Waziri wa Makoloni tangu Oktoba 1922. Kabla ya hapo alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Walowezi walimtuma Lodi Delamere kwenda London kuwasemea. Wahindi walipeleka wajumbe wao. Waafrika hawakuwa na mjumbe hata mmoja mezani, na Harry Thuku, ambaye huenda angethubutu kusema, alikuwa amekamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi barabarani Nairobi wakidai aachiwe.

Na huyu aliyetia jina lake kwenye karatasi ya ardhi yetu alikuwa mwenye nyumba ile. Ngazi nilizopanda, michoro ya dari niliyoinua shingo kuitazama, mgomba nilioushika gome.

Nilianza kusoma kwa hasira. Lazima niliseme hilo. Nilitaka kukuta wizi ulionyooka, wenye mwanzo na mwisho, niufunge niende kulala. Nilichokuta kilikuwa na mikunjo mingi zaidi.

Pauni 600

Mwanzo wa utajiri wao ni mwanamke, na nilimpenda kabla sijajizuia.

Bess alizaliwa Hardwick, Derbyshire, katika miaka ya 1520, katika familia ya heshima ndogo na ardhi ndogo. Baba yake alifariki Bess akiwa mchanga. Kwa sheria ya wakati ule, mrithi akiwa mtoto, ofisi ya mfalme ilishika ardhi yake mpaka akue na kuvuna mapato yake. Bess alikua akiona mashamba ya nyumbani yakiliwa na wengine kihalali. Akaolewa akiwa binti mdogo, mume akafa upesi, na akalazimika kwenda mahakamani kudai fungu lake la ujane.

Ninamwelewa. Nimewaona wajane kwetu wakibeba mifuko ya plastiki yenye karatasi, ofisi hadi ofisi.

Mwaka 1547 aliolewa na William Cavendish, mtu wa makamo aliyepanda ngazi kwa kazi moja: alikuwa mmoja wa maofisa wa Mfalme Henry VIII waliokwenda kwenye nyumba za watawa kote Uingereza kuhesabu mali, kuzifunga na kuichukua ardhi yake kwa niaba ya mfalme. Ardhi ile ikagawiwa na kuuzwa, na waliokuwa karibu na meza walikula vizuri. Cavendish alijipatia mashamba kusini. Akaja kuyaachia ili ajijenge Derbyshire, alikotoka mkewe, na mwaka 1549 wakanunua Chatsworth kwa pauni 600.

Mume huyo alipofariki mwaka 1557, hesabu zake za serikali zilikuwa na pengo la zaidi ya pauni 5,000. Bess alibaki na watoto, deni na ardhi. Ardhi hakuiachia. Aliolewa mara mbili tena, mara ya mwisho na Earl wa Shrewsbury, ambaye kwa takriban miaka 15 alikuwa mlinzi wa Malkia Mary wa Scotland, mfungwa aliyehamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, Chatsworth ikiwamo. Alipozeeka alijenga Hardwick Hall, kati ya 1590 na 1597, enzi ambayo kioo kilikuwa ghali mno, akaweka madirisha makubwa kuliko kuta. Juu ya minara akachongesha herufi mbili za jina na cheo chake, ES, yaani Elizabeth Shrewsbury, maana Bess ni kifupi cha Elizabeth, kubwa kiasi cha kuonekana kutoka mbali.

Mtoto wa kike aliyeona ardhi ya baba yake ikishikwa na wengine aliandika jina lake angani.

Nilifunga kompyuta usiku ule nikiwa sijui nimkasirikie nani. Alichokitaka Bess ndicho alichokitaka nyanya yangu. Tofauti ni kwamba aliolewa na mtu aliyeketi pale ardhi ya wengine ilipokuwa inagawiwa.

Jina lisilo la mahali pao

Kitu kimoja kilinisumbua kwa namna ndogo, kama mwiba kwenye soksi. Devon iko kusini-magharibi mwa Uingereza, karibu na bahari. Chatsworth iko Derbyshire, katikati ya nchi. Mwana wa Bess alipata cheo cha Earl wa Devonshire mwaka 1618, na mwaka 1694 kitukuu wa huyo Earl, baada ya kuwa mmoja wa watu saba waliomwalika William wa Orange aje kutwaa kiti cha ufalme, akapandishwa kuwa Duke. Makao yao hayakuhamia Devon. Jina lilikuwa la huko, nyumba ikabaki huku.

Tangu hapo nilianza kuona majina yao kila mahali. Kuna parokia ya Devonshire kisiwani Bermuda, kwa sababu Earl yule wa kwanza aliwekeza katika kampuni iliyokimiliki kisiwa. Kuna Maabara ya Cavendish pale Cambridge, iliyofunguliwa mwaka 1874 kwa fedha za Duke wa 7. Kuna ndizi.

Na kuna waraka wetu.

Ireland kabla yetu

Hapa ndipo hasira yangu ilipata njia.

Mwaka 1748 mtu aliyekuja kuwa Duke wa 4, na Waziri Mkuu kwa muda mfupi, alimwoa Charlotte Boyle, binti pekee aliyebaki wa Lodi Burlington. Alipokufa baba mkwe, mali ya akina Boyle ikamiminikia kwa akina Cavendish: Chiswick, Burlington House pale London, Bolton Abbey huko Yorkshire, ambayo nayo ilikuwa ya watawa zamani. Na Lismore, kasri na mashamba kusini mwa Ireland.

Lismore ina historia ambayo Mkenya hahitaji kutafsiriwa. Mwishoni mwa karne ya 16, baada ya uasi wa Desmond kuzimwa, serikali ya Kiingereza ilinyang'anya ardhi ya Munster na kuigawa kwa Waingereza ili waje kulowea. Walter Raleigh alipewa ekari 42,000. Mwaka 1602 akamuuzia Richard Boyle eneo lake lote, Lismore ikiwamo, kwa pauni 1,500. Boyle akawa tajiri mkubwa, ukoo ukaendelea, harusi ikafungwa, na ardhi ikahamia kwa watu wa Derbyshire pasipo mmoja wao kunyoosha upanga.

Nilisoma hayo saa tisa usiku kazini, wagonjwa wamelala, na nikajikuta nimesimama wima. Walowezi. Ardhi iliyotangazwa kuwa haina mwenyewe kwa sababu mwenyewe ameasi. Hati mpya. Kisha kizazi kimoja, viwili, vitatu, na yule aliyeko juu yake leo anaweza kusema kwa moyo safi kwamba ameirithi kwa mama.

Waireland hawakusahau. Tarehe 6 Mei 1882 Lodi Frederick Cavendish, mtoto wa Duke wa 7, aliuawa kwa visu Phoenix Park, Dublin, siku ileile aliyofika kuanza kazi ya serikali huko. Kaka yake, aliyekuja kuwa Duke wa 8, akawa miongoni mwa waliokipasua chama cha Liberal mwaka 1886 kwa kupinga Ireland kupewa serikali yake.

Kwa hiyo Victor Cavendish alipoketi London kuamua mambo ya Kenya, nyumbani kwao walikuwa wamekaa juu ya swali hilihili kwa karibu miaka 170. Hilo mwalimu hakutuambia. Sidhani alilijua.

Mtunza bustani na kijiji

Duke wa 6 hakuoa. Alirithi mwaka 1811 akiwa na miaka 21, na mwaka 1826 akamwajiri kijana wa miaka 22, mtoto wa mkulima, awe mkuu wa bustani. Jina lake Joseph Paxton. Urafiki wao ulibadili mambo mengi, na ndizi ni mojawapo.

Mgomba wenyewe asili yake ni kusini mwa China. Ulipelekwa Mauritius kwa Charles Telfair, kutoka Mauritius ukafika Uingereza mwaka 1829, na Paxton akapata mche. Aliulea ndani ya joto la makaa. Novemba 1835 ukachanua, na Mei iliyofuata ulikuwa umebeba ndizi zaidi ya 100 kwenye mkungu mmoja. Duke akapata medali kwenye Jumuiya ya Kilimo cha Bustani, na Paxton akaupa mmea jina la familia ya bwana wake. Miche ikaanza safari. Mmisionari John Williams alichukua mingine kwenda Pasifiki mwishoni mwa miaka ya 1830, na mmoja ukafika Samoa ukazaa. Zaidi ya karne moja baadaye, ugonjwa wa Panama ulipoangamiza mashamba makubwa ya Gros Michel, ile ndizi tunayoiita Kampala, wafanyabiashara waligeukia Cavendish kwa sababu ilistahimili.

Wakulima wa China waliokuwa wakiing'oa na kuipanda kwa vizazi hawamo kwenye jina. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Paxton alimjengea Duke nyumba ya vioo yenye urefu wa zaidi ya mita 80, kubwa hata magari ya farasi yalipita ndani yake. Boila 8 zilikuwa zimefichwa chini ya ardhi, na makaa yaliletwa kwa njia ya chini kwa chini ili wageni wasione moshi wala watu wanaobeba.

Wasione watu wanaobeba. Nilirudi kwenye jambo hilo mara kadhaa.

Kisha Edensor. Kilikuwa kijiji upande wa pili wa mto, sehemu yake ikionekana kutoka kwenye nyumba. Kati ya 1838 na 1842 Duke na Paxton walikihamisha. Walibomoa nyumba zilizokuwa zimesalia bondeni, wakajenga mpya nyuma ya kilima, kila moja kwa mtindo wake: hii kama ya Uswisi, ile kama ya Italia, nyingine kama ngome ndogo. Ni pazuri, sitaki kusema uongo. Wapangaji walipata nyumba za mawe zilizo bora kuliko walizokuwa nazo. Nilipita pale kwa miguu mara yangu ya pili, maana nilirudi, nikaona makaburi ya kanisani. Paxton yupo. Yupo pia Kathleen Kennedy, dada wa Rais Kennedy, aliyeolewa na mrithi wa Duke mwaka 1944 na kufiwa na mume vitani Ubelgiji baada ya miezi minne. Rais mwenyewe alikuja kusimama pale Juni 1963.

Nilisimama katikati ya kijiji na swali moja: kama mtu anahamishwa kwa sababu ya mandhari ya mwingine, na akapewa nyumba nzuri zaidi, alidhulumiwa?

Sikupata jibu. Nilikuwa na jibu kuhusu Njoro tu.

Njoro

Babu alipelekwa Njoro, kwenye zile nyanda za juu, akiwa mtoto mgongoni. Baba yake alikwenda kuwa skwota kwenye shamba la mlowezi, kwa mpango ambao wengi wenu mmeusikia kwa wazee wenu: unalima kipande, unafuga, na kwa malipo unafanya kazi. Sheria ya 1918 iliweka siku 180 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya ishirini walowezi waliona mifugo ya maskwota imezidi, wakaipunguza kwa nguvu. Watu wenyewe waliita jambo hilo kifagio. Babu alikuwa akisema neno hilo taratibu, akiburuta kiganja juu ya meza kana kwamba anafagia makombo.

Waraka wa Devonshire ulikuwa tayari una miaka kadhaa. Maslahi ya Waafrika yalikuwa yametangulizwa kwenye karatasi.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa karatasi hiyo. Iliwazuia walowezi kujitangazia serikali yao kama ya Rhodesia Kusini, ambayo waliitaka kiasi cha kupanga njama ya kumteka gavana. Baadaye viongozi wetu waliitumia kama fimbo, wakiwakumbusha Waingereza walichokiandika wenyewe. Hilo si dogo. Lakini ardhi haikugusa hata ekari moja. Chini ya sheria ya 1915 mlowezi alipata mkataba wa miaka 999.

Nilipiga hesabu hiyo nikiwa kwenye basi. Mkataba wa 1915 ungeisha mwaka 2914. Familia ya Cavendish, pamoja na ndoa zote, makasri yote na mawaziri wote, imekaa Chatsworth tangu 1549. Hawajafika hata nusu ya 999.

Damu ya Bess ilifika Kenya moja kwa moja pia. Kupitia mwanawe mwingine na msururu wa mabinti warithi, ukoo wake uliungana na akina Bentinck, na Ferdinand Cavendish-Bentinck, kiongozi wa walowezi na Spika wa Baraza la Kutunga Sheria, alitoka humo. Alijiuzulu mwaka 1960 baada ya mkutano wa Lancaster House kuonyesha kwamba nyanda za juu hazitabaki za Wazungu. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, aliyezungumzia upepo wa mabadiliko pale Cape Town Februari ya mwaka huohuo, alikuwa Harold Macmillan. Mkewe Dorothy alikuwa binti wa Duke wa 9. Mkwe akawa anafungua kile ambacho waraka wa baba mkwe ulikiacha kimefungwa.

Mtu aliyekuwa akipasua kuni

Jambo lililonigeuza kabisa lilitokea tarehe 26 Novemba 1950, Eastbourne.

Duke wa 10, Edward, alikuwa na miaka 55. Miaka minne nyuma, mwaka 1946, alikuwa amehamisha mali kwa mwanawe kupitia wakfu ili kukwepa kodi ya urithi. Sheria ilidai mtoaji aishi miaka mitano baada ya kutoa. Siku hiyo alikuwa akipasua kuni, kazi aliyoipenda, akaanguka akafa kwa moyo. Ilikuwa imebaki miezi michache tu miaka mitano itimie.

Kodi ilikuwa asilimia 80.

Nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Asilimia 80 ya kila kitu, kwa nchi ambayo mimi siku zote niliiona kuwa ndiyo mlinzi wa makabaila. Na familia ililipa. Ilichukua zaidi ya miaka 15 kumalizana na serikali. Maelfu ya ekari yaliuzwa. Hardwick Hall, yenye herufi za Bess angani, ilichukuliwa na serikali na mwaka 1959 ikawa chini ya National Trust, shirika linalohifadhi majumba ya kale. Vitabu na michoro vikatoka. Hata kabla ya hapo Duke wa 9 alikuwa amekwisha kubanwa: mwaka 1914 aliuza Marekani nakala za kale za Shakespeare, na mwaka 1920 aliuza jumba lao la London. Mwaka huohuo ile nyumba ya vioo ya Paxton, iliyokufa kwa kukosa makaa wakati wa vita, ililipuliwa kwa baruti. Aliyetia jina kwenye waraka wetu mwaka 1923 alikuwa mtu ambaye milki yake ilikuwa inamong'onyoka mikononi.

Miongoni mwa vitu vilivyotolewa mwaka 1957 badala ya kodi ulikuwamo mchoro mkubwa wa msanii Holbein. Unamwonyesha Henry VIII, amesimama na miguu imetanuka, na ulichorwa karibu na mwaka 1537, wakati nyumba za watawa zilipokuwa zinafungwa. Mfalme ambaye uporaji wake uliwapa akina Cavendish mtaji aliondoka ukutani kwao kwenda kulipa deni lao kwa umma. Sasa yuko London, kwenye Jumba la Taifa la Picha za Watu.

Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba jambo kama hilo linawezekana bila panga wala moto. Bunge lilikaa, likapiga kura, mtu akafa, karani akapiga hesabu.

Sijasema kwamba walibaki maskini. Mwaka 1959 Duke wa 11 na mkewe Deborah walirudi kukaa Chatsworth, wakaifungua kwa watu kwa nguvu zote, na mwaka 1981 nyumba ikawekwa chini ya wakfu ambao familia huulipa pango kwa vyumba inavyokaa. Lismore bado ni yao. Lakini mimi, binti wa mwalimu kutoka Murang'a, nimepanda ngazi zao kwa tiketi.

Kwetu tulikuwa na kodi ya urithi pia, tuliyoachiwa na wakoloni. Ilifutwa mwaka 1982. Ninyi mnajua ni akina nani walikuwa wameshika mashamba makubwa ya nyanda za juu kufikia mwaka huo, na mnajua leo yanashikwa na akina nani. Nilipogundua tarehe hiyo nilitoka nje kupunga hewa, na sikuwa nikimfikiria Mwingereza yeyote.

Nyumba moja bondeni

Edensor ya zamani haikuisha yote. Nyumba moja iliachwa, na hadi leo iko peke yake katikati ya majani, imezungushiwa ukuta wa mawe, kondoo wakila pembeni. Husimuliwa kwamba mzee aliyekaa humo hakutaka kuhama na Duke akamwacha. Watu wa pale waliwahi kuiita Shamba la Nabothi, yule wa kwenye Biblia aliyekataa kumpa mfalme shamba lake.

Nilimpigia Mama simu nikiwa nimesimama mbele ya ukuta ule. Nilimweleza. Mama ni mtu wa Biblia. Kwa Nabothi hakuhitaji maelezo.

"Huyo alipona," akasema. "Wa kwenye Wafalme walimpiga mawe."

Kisha nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza. "Mama, babu aliporudi kutoka Njoro, alirudi wapi hasa?"

Akanyamaza kidogo. "Nani amekwambia uulize hayo?"

"Hakuna mtu, Mama. Nilitaka kujua tu."

"Walirudishwa kwa lori mwaka wa hamsini na tatu. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa zamani, maana walidhani hawatarudi. Ndugu yake mkubwa akampa ule ukingo wa mto. Kwa mdomo. Walipopima ardhi na hatimiliki kutoka, iliandikwa jina la huyo ndugu yake. Babu yako hakwenda kuuliza. Aliona haya kumwuliza mtu aliyempokea."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo, mwanangu. Watoto wa huyo mzee ni watu wazuri, hawajatusumbua."

Kondoo mmoja alikuja karibu na ukuta, akanitazama, akaendelea kula. Nilimwuliza Mama kuhusu ile migomba ya mtoni.

"Hiyo aliipanda kabla hajajenga," akasema. "Walilala kwa watu miezi mitatu, lakini migomba ilikuwa imeshapandwa. Kampala. Imebaki mashina manne, mengine yalinyauka."

Akaniuliza kama kwetu huku kuna baridi bado, na kama nimekula.

Nimeomba likizo mwezi wa nane. Binamu mmoja anayefanya kazi karibu na ofisi ya ardhi ameniambia nije na nambari ya kiwanja, na nije na Mama.